Sura ya Sita: Kati ya Kuona na Kusema

Tarehe 23 Juni 2016, dereva mmoja wa bodaboda alitoka katika mahakama ya Mavoko, nje kidogo ya Nairobi, akiwa na wakili wake, Willie Kimani, na dereva wa teksi aliyekuwa akiwaendesha. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amepigwa risasi na afisa wa Polisi wa Utawala, akapeleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi. Tangu alalamike, aligeuka yeye kuwa mshtakiwa, na siku hiyo alikuwa amekuja kuhudhuria kesi aliyofunguliwa. Hawakufika nyumbani. Walitekwa, wakafungiwa katika kambi ya polisi ya Syokimau, na usiku huohuo wakauawa wote watatu. Wiki moja baadaye miili yao ilipatikana ndani ya magunia katika Mto Athi, eneo la Ol Donyo Sabuk.

Hukumu ilichukua miaka 6. Tarehe 22 Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi pamoja na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao. Februari 2023 afisa aliyekuwa amelalamikiwa alihukumiwa kifo, na wenzake wakapewa vifungo vya kati ya miaka 20 na 30.

Mlalamikaji yule alifanya yote ambayo raia huhimizwa kufanya. Alitoa taarifa, akapata wakili, akaitikia wito wa mahakama. Na wito huohuo ndio uliowaambia wauaji atakuwa wapi, siku gani, saa ngapi. Mtu mwingine akitishwa anaweza kubadili njia, kuhama mtaa, kuzima simu. Shahidi hana nafasi hiyo. Orodha ya kesi imebandikwa ubaoni mahakamani, na kila anayemtafuta anaisoma.

Vitabu vya sheria huitenga habari ya kuaminika kwa shahidi na ile ya ulinzi wake. Ya kwanza hufundishwa katika somo la ushahidi: je, aliona vizuri, anasema kweli, anajipinga? Ya pili huachiwa sheria nyingine, ofisi nyingine na bajeti nyingine. Kadiri ninavyosoma hukumu za kanda yetu ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mgawanyo huo unatupotosha. Shahidi mwenye hofu husema kidogo, au huchelewa kusema, au husema alichoagizwa, na hakuna hakimu anayeweza kupambanua hofu na uongo kwa kumtazama mtu usoni. Tena kinacholea hofu ndicho kinachofifisha kumbukumbu: muda mrefu kati ya siku aliyoona na siku atakayosema.

Mahakama zetu zililitilia shaka jicho la shahidi mapema sana. Mwaka 1953, katika shauri la Abdalla bin Wendo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilionya kwamba ijapokuwa ushahidi wa mtu mmoja unaweza kutosha kumtia mtu hatiani, shahidi mmoja aliyemtambua mtuhumiwa katika mazingira magumu lazima apimwe kwa uangalifu wa hali ya juu. Onyo hilo likarudiwa mwaka 1967 katika shauri la Roria. Uingereza, ambayo tulirithi kwake sehemu kubwa ya sheria hizi, ilifikia miongozo yake maarufu ya Turnbull mwaka 1976, miaka zaidi ya 20 baada ya onyo la kwanza la huku. Kisha Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaamua shauri la Waziri Amani, lililochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1980, na mpaka leo si rahisi kusoma rufaa ya unyang'anyi wa usiku usilikute humo. Ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho, ilisema mahakama, ni dhaifu kuliko aina zote, na usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa.

Waziri Amani iliacha maswali ambayo kila wakili wa utetezi anayajua kwa moyo. Shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Kwa umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku, na kama ni usiku, mwanga ulitoka wapi? Alikuwa akimfahamu kabla? Swali la mwanga peke yake limefungua milango mingi ya magereza. Katika shauri la Issa Mgara, mahakama ilisema haitoshi shahidi kueleza kwamba taa ilikuwa inawaka. Aeleze ukali wa mwanga wake. Koroboi iliyo pembeni mwa chumba si sawa na karabai iliyoning'inizwa mlangoni. Tochi iliyo mkononi mwa jambazi humwonyesha jambazi njia na kumpofusha anayemulikwa. Hata mbalamwezi ina viwango vyake.

Watu wengi wasio wanasheria huyaona haya kuwa mizengwe ya kuwaachia wahalifu. Sikubaliani nao hata kidogo. Ronald Cotton wa North Carolina alikaa gerezani zaidi ya miaka 10 kwa sababu mwanamke aliyebakwa mwaka 1984 alimnyooshea kidole bila shaka yoyote. Vipimo vya DNA vikamtoa mwaka 1995 na kumfichua mbakaji halisi. Katika hukumu za Marekani zilizotenguliwa kwa vipimo hivyo, takriban 7 katika kila 10 zilihusisha shahidi aliyemtambua mtu asiyehusika. Mashahidi hao kwa sehemu kubwa hawakuwa waongo. Waliamini walichosema, na ndiyo maana waliaminiwa. Kijijini kwetu, ambako kesi ya unyang'anyi mara nyingi haina kipimo chochote cha maabara, maswali yale kuhusu taa ndiyo kinga pekee aliyonayo mtu asiye na hatia.

Miongoni mwa vipimo hivyo kuna kimoja kinachonisumbua kuliko vingine. Katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo anaupa ushahidi wake uzito, na kwamba anayechelewa bila sababu, au anayeshindwa kabisa kumtaja, anapaswa kuitia mahakama shaka. Kipimo hiki kina busara. Aliyemtambua jirani yake usiku wa tukio atamtaja kwa watu wa kwanza waliokimbilia yowe, kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa polisi waliofika asubuhi. Akilitaja jina hilo baada ya miezi minne, na katikati pakawa pametokea ugomvi wa mpaka wa shamba, tuna haki ya kujiuliza.

Lakini mfikirie shahidi ambaye aliyemwona ni mtoto wa mwenyekiti huyohuyo, au ni askari wa kituo kilekile anachotakiwa kwenda kuripoti. Huyu atanyamaza. Atangoja mpaka apate pa kuishi kwa shangazi yake mjini, au mpaka mtu huyo akamatwe kwa kosa jingine, ndipo afungue kinywa. Siku hiyo ukimya wake utasomwa kuwa dalili ya kubuni. Ni kweli kwamba mahakama husikiliza sababu za kuchelewa na mara nyingine huzikubali. Ila inabidi azieleze hadharani, akiwa amesimama mita chache kutoka kwa mtu anayemhofia.

Muda huharibu hata pale ambapo hakuna aliyetishwa. Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu fupi ya ajali ya magari. Wanafunzi 50 waliulizwa mwendo wa magari hayo yalipogongana. Wengine 50 waliulizwa swali lilelile kwa neno zito zaidi, kama vile kusema yalipopondana. 50 waliobaki hawakuulizwa juu ya mwendo. Baada ya wiki moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika. Waliosema wameviona walikuwa 7 katika kundi la neno jepesi, na 16 katika kundi la neno zito. Neno moja la muulizaji liliingia katika kumbukumbu, likakaa humo wiki nzima, likatoka likiwa kioo.

Sasa tazama maelezo ya shahidi yanavyoandikwa kituoni. Askari anauliza, shahidi anajibu kwa Kiswahili kilichochanganyika na lugha ya nyumbani, askari anaandika kwa sentensi zake mwenyewe, anamsomea, shahidi anatia saini au dole gumba. Kama askari ameuliza "alikushambulia na panga gani?", panga limeshaingia hata kama shahidi aliona kitu kinachong'aa tu. Miaka miwili baadaye wakili wa utetezi anaitoa karatasi ile: hapa ulisema panga, leo unasema hukuona vizuri, tukuamini wapi? Zaidi ya hapo, kwa miaka mingi hakimu wa Tanzania alimsikiliza shahidi kwa Kiswahili huku akiandika kwa mkono kwa Kiingereza, na majaji wa rufani wakamjua shahidi huyo kwa kumbukumbu hiyo tu. Ni Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Watu wengi waliona badiliko hilo kuwa suala la utaifa. Mimi naona faida yake kubwa ni kwa shahidi: hatimaye maneno yake yanaweza kuandikwa alivyoyasema.

Mahakama ya Rufani yenyewe imejitahidi kuwa ya haki kwa kumbukumbu za binadamu. Katika shauri la Mohamed Said Matula ilielekeza kwamba mikinzano ya ushahidi ipimwe, iamuliwe kama ni midogo au inagusa kiini cha kesi. Katika lile la Dickson Elia Nsamba Shapwata ikakiri kwamba kuna tofauti za kawaida zinazotokana na macho kukosea, kumbukumbu kufifia kwa kupita muda, na mshtuko wa tukio lenyewe. Mahakimu wengi wa wilaya wangefanya vyema kuisoma hukumu hiyo mara mbili.

Mahali ambapo masuala haya yalipimwa kwa upana kuliko pengine popote katika kanda yetu ni Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoanzishwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Novemba 1994, ilifanya kazi katika jiji hilo hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015, ikiwa imesikia zaidi ya mashahidi 3,000. Wengi wao waliitwa kwa herufi tu. Walikaa nyuma ya pazia lililowaficha wasionekane na watu waliokuja kusikiliza, na majina yao yalijulikana kwa majaji, waendesha mashtaka na mawakili wa utetezi.

Kesi ya Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, ilianza Januari 1997 bila shtaka lolote la ubakaji. Kisha akaja shahidi J, mama ambaye binti yake wa miaka 6 alikuwa amebakwa. Majaji, miongoni mwao Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, walimuuliza zaidi, akaeleza kwamba alisikia wasichana walibakwa katika ofisi ya wilaya. Baada yake shahidi H alieleza yaliyompata yeye mwenyewe. Juni 1997 hati ya mashtaka ilibadilishwa, na tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari, katika hukumu iliyotambua kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji hayo. Wapelelezi walikuwa wamepita Taba kabla. Shtaka lilizaliwa pale ambapo wanawake walikaa mahali salama mbele ya watu waliojali kuuliza.

Hukumu hiyohiyo ina kurasa ambazo ningependa kila hakimu wa Afrika Mashariki azijue. Mashahidi wengi wa Rwanda walipata shida kutaja tarehe, saa na umbali, au kusoma ramani, na baadhi walijibu kwa kuzunguka. Vilevile walisimulia mambo waliyoyasikia kana kwamba waliyaona. Kwa mtazamo wa wakili kutoka Ulaya hizo zote ni alama za uongo. Majaji walimwita mtaalamu wa isimu, Dk. Mathias Ruzindana wa Chuo Kikuu cha Rwanda, akawaeleza kwamba katika jamii inayopokezana habari kwa mdomo, msimulizi halazimiki kutenga aliloliona na aliloambiwa, lakini akiulizwa waziwazi anaweza kulitenga. Tangu hapo majaji walijitahidi kuuliza: uliliona mwenyewe, au ulisimuliwa? Swali hilo rahisi liliokoa ushahidi mwingi ambao ungetupwa, na likaondoa uvumi mwingi ambao ungepita.

Arusha ilionyesha pia kwamba pazia halitoshi. Augustin Ngirabatware, waziri wa zamani wa mipango wa Rwanda, alifungwa miaka 30 kwa hukumu ya rufaa ya mwaka 2014. Baadaye mashahidi wanne waliokuwa wakilindwa walielezwa kuwa wameyakana maneno yao, na Ngirabatware akaomba hukumu ipitiwe upya. Septemba 2019, huko Lakilaki nje ya Arusha, katika mahakama ya mabaki iliyorithi kazi za ile ya Rwanda, majaji walikataa kuamini kwamba ukanushaji huo ulikuwa wa kweli. Juni 2021 Ngirabatware na wenzake kadhaa wakatiwa hatiani kwa kudharau mahakama, baada ya kubainika kwamba mashahidi walishawishiwa na kulipwa wageuze kauli. Mauaji yenyewe yalikuwa ya mwaka 1994. Shahidi aliyelindwa bado alikuwa anatafutwa robo karne baadaye, kijijini kwake, na watu wenye fedha mkononi.

Kwa Wakenya, somo hili lilikuja kwa uchungu zaidi. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki. Kesi ya William Ruto na mwanahabari Joshua Sang ilianza katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), The Hague, tarehe 10 Septemba 2013, miaka zaidi ya mitano baada ya vifo hivyo. Ndani ya siku chache majina yaliyodaiwa kuwa ya shahidi wa kwanza yalikuwa yanazunguka mitandaoni, na Jaji Chile Eboe-Osuji akalazimika kuonya kwamba kumfichua shahidi ni kosa la jinai. Machi mwaka huo mwendesha mashtaka Fatou Bensouda alikuwa tayari ameondoa mashtaka dhidi ya mshtakiwa mwingine wa ghasia hizo, Francis Muthaura, baada ya shahidi muhimu kugeuza kauli na kukiri kwamba alipokea rushwa. Tarehe 5 Desemba 2014 aliondoa yale dhidi ya Uhuru Kenyatta.

Katika kesi ya Ruto na Sang, mashahidi kadhaa walikana waliyoyaandikisha. Agosti 2015 majaji walikubali maandishi ya watano kati yao yatumike, kwa kutumia kanuni ya 68 iliyokuwa imerekebishwa Novemba 2013. Februari 2016 majaji wa rufaa wakalitengua hilo: kanuni iliyobadilishwa kesi ikiwa imeshaanza haiwezi kutumika kuwaumiza washtakiwa. Tarehe 5 Aprili 2016 kesi ikakomeshwa kwa kura 2 dhidi ya 1. Jaji Eboe-Osuji aliandika kwamba kwa jinsi mashahidi walivyoingiliwa, hawezi kuwatangaza washtakiwa kuwa hawana hatia, na njia ya kushtakiwa upya ikaachwa wazi. Ruto na Sang walikana mashtaka yote, na hakuna mahakama iliyowatia hatiani kwa kuwaingilia mashahidi. Wakili Paul Gicheru, aliyejisalimisha Novemba 2020 kujibu tuhuma za kuwahonga mashahidi hao na akazikana, alifariki Septemba 2022 kabla ya kusomewa hukumu. Wakenya waliopoteza ndugu zao Kiambaa, Naivasha na Nakuru hawakupata jibu, na washtakiwa nao hawakupata uamuzi wa kuwasafisha. Kesi ikivunjika namna hii, kila upande unaibiwa.

Naamini uamuzi ule wa rufaa wa Februari 2016 ulikuwa sahihi. Maandishi yaliyochukuliwa na mpelelezi chumbani, bila utetezi kuwepo, hayawezi kumfunga mtu wakati aliyeyatoa anayakana. Kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri nchini Kongo aliyeshtakiwa katika mahakama hiyohiyo, inaonyesha kwa nini. Tarehe 28 Januari 2009 shahidi wa kwanza, kijana aliyeelezwa kuwa alikuwa askari mtoto, alisimulia asubuhi kisha akakana yote siku ileile. Wengi tulidhani hofu ya kumwona Lubanga mbele yake ndiyo iliyomgeuza. Baada ya wiki mbili alirudi akiwa amewekewa ulinzi, akaithibitisha simulizi yake. Hata hivyo, katika hukumu ya Machi 2012 majaji walikataa kumtegemea, yeye na karibu wote waliodai kuwa askari watoto, kwa sababu watu wa kati waliowatafuta kwa niaba ya mwendesha mashtaka huenda waliwalisha maneno. Lubanga alitiwa hatiani kwa ushahidi mwingine, zikiwemo picha za video zilizomwonyesha akiwa na askari wadogo. Ulinzi ulimpa kijana yule uwezo wa kusema. Kama alichosema ni kweli, hilo lilihitaji kupimwa kwa maswali.

Nyumbani tumetunga sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika 2008. Marekebisho ya 2010 yaliitoa kazi hiyo chini ya Mwanasheria Mkuu na kuikabidhi wakala unaojitegemea. Wakala unaweza kumpa shahidi walinzi wenye silaha, kumhamisha, hata kumbadilishia jina. Tanzania ilipitisha Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi mwaka 2015. Ni hatua nzuri, lakini tuseme kweli juu ya bei yake kwa mlindwa. Kumhamisha mtu ni kumtoa katika shamba lake, kanisa lake au msikiti wake, biashara yake ya genge, na watoto shuleni. Akifiwa na mama, hatakwenda kuzika. Kwetu sisi adhabu hiyo inazidi vifungo vingine, na anapewa mtu ambaye hakukosa lolote.

Tena walio wengi hawatafika kwenye mipango hiyo kamwe. Shahidi wa kawaida ni mama aliyeona ugomvi wa kilabuni, au mwanafunzi aliyefanyiwa unyama na mjomba. Anapanda daladala moja na mshtakiwa aliye nje kwa dhamana. Wanakaa benchi moja chini ya mwembe wa mahakama, wakisubiri kuitwa. Saa tano karani anatoka na kusema shauri limeahirishwa. Nauli ametoa mfukoni, posho ya shahidi hajapewa, na jioni ndugu wa mshtakiwa wanapita nyumbani kwake kusalimia. Safari ya tatu au ya nne hatokei, na kesi inafutwa kwa kukosa mashahidi.

Watoto ndio wanaoumia zaidi kwa namna hii. Sheria yenyewe si mbaya: tangu mwaka 2016 mtoto wa umri mdogo nchini Tanzania anaweza kutoa ushahidi bila kiapo akiahidi kusema kweli, na Kenya inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani katika kesi ya ngono kwa neno la mtoto pekee, ikiwa hakimu ameridhika na kuandika sababu za kumwamini. Sheria ya Makosa ya Ngono ya Kenya ya 2006 inamruhusu pia mtoto azungumze kupitia mtu anayemwamini. Kinachovunja kesi hizi hutokea nje ya mahakama. Familia mbili zinakaa, zinamalizana kwa ng'ombe au kwa fedha, na mtoto anapelekwa kwa bibi mkoa mwingine. Kila mwezi ambao kesi inachelewa ni mwezi wa kufanya mazungumzo hayo.

Wapo wanaosema dawa ni kuficha majina zaidi. Nakubali kumficha shahidi asijulikane na umma. Mahakama za Arusha zilifanya hivyo bila kuvunja haki. Kumficha kwa mshtakiwa na wakili wake mpaka mwisho ni jambo jingine. Mtu hawezi kujitetea dhidi ya asiyemjua: hawezi kusema huyu tuna ugomvi wa shamba, huyu hakuwepo kijijini siku hiyo, huyu aliwahi kufungwa kwa uongo. Shahidi asiyeulizwa na upande wa pili hawezi kuitwa wa kuaminika, hata kama moyo wake ni safi.

Njia ninayoipendekeza inaanzia kwenye jambo ambalo sheria zetu zimelikubali muda mrefu. Maneno ya marehemu kuhusu kilichosababisha kifo chake hupokelewa mahakamani ijapokuwa hakuna wakili aliyemuuliza, kwa sababu hatuna namna nyingine ya kumsikia. Tunamsikiliza aliyekwisha kufa, na aliye hai, aliyekuja kituoni akitetemeka na kusema ametishwa, tunamwambia asubiri upelelezi ukamilike. Shahidi wa namna hii angepelekwa mbele ya hakimu ndani ya wiki chache, utetezi ukiwepo na ukipewa nafasi kamili ya kumhoji, sauti na picha vikirekodiwa kwa lugha yake, ushahidi wake ungekuwa umekwisha kutolewa na kupimwa. Kumbukumbu ingekuwa bado mbichi. Kumhonga baadaye kusingefuta alichosema, wala kumuua kusingemnufaisha muuaji. Pale The Hague, maandishi ya wale watano yangekuwa yametoka katika kikao cha aina hiyo, hoja za rufaa zingekuwa tofauti kabisa.

Gharama yake ni kamera, hakimu aliyetengewa siku, na wakili wa kumsimamia mtuhumiwa asiye na uwezo. Ni ndogo mbele ya gharama ya kumlinda mtu kwa miaka 6. Wabunge wa Dodoma na Nairobi wanaweza kuliandika hili katika sheria za mwenendo wa makosa ya jinai katika kikao kimoja cha bunge: shahidi aliyetishwa, mtoto, na mlalamikaji dhidi ya polisi wasikilizwe na kuhojiwa na pande zote ndani ya siku 60 tangu watoe taarifa. Nawaomba waandike hivyo, na watenge fedha katika bajeti hiyohiyo.